Kupunguza wanga uzeeni, wawili wawili: mwongozo kamili kutoka Dodoma

Siku tulipoanza nilileta mzani wa jikoni, ule mdogo wa kupimia unga wa keki, nikauweka juu ya stuli chini ya mwarobaini hapa kwangu Miyuji. Nikasonga ugali wa kawaida, nikamwambia kila mmoja ajipakulie kama anavyojipakulia kwake. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa lori, akajikatia bonge lake bila wasiwasi. Mzani ukasoma gramu 620. Akacheka. "Mwalimu, hilo ni la mchana tu. La usiku huwa linazidi."

Ugali mgumu wa sembe una takribani gramu 25 za wanga katika kila gramu 100. Bonge lile, basi, lilibeba kama gramu 155 za wanga, na wanga ukishameng'enywa tumboni huingia kwenye damu ukiwa sukari. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Nikachukua kopo, nikaanza kuhesabu vijiko kwenye sahani tupu mbele yake. Nilipofika ishirini akasema imetosha. Vilikuwa vimebaki kumi na tisa.

Nimefundisha sayansi kimu miaka 31 na sukari yangu iligundulika nikiwa na miaka 61, kwa hiyo naandika kama mwalimu na kama mgonjwa. Kikundi chetu ni watu sita, wanawake wanne na wanaume wawili. Nilichokiona ni hiki: mzee huangushwa na chakula ambacho hakiko mikononi mwake. Anapikiwa na mkwe, anapakuliwa na mjukuu, msibani anasukumiwa sinia, na kukataa ni kukosa adabu. Mtu mmoja hawezi kuyabeba hayo yote. Wawili wanaojuana wanaweza.

Kwanza mfuko wa dawa, sahani baadaye

Usiguse ugali kabla hujafungua mfuko wa dawa. Hapa sitaki haraka, maana hapa ndipo nilipokosea mwenyewe.

Mwenzetu mmoja alianza siku moja na sisi, akapunguza chakula kwa ari, na akaendelea kumeza glibenklamidi yake kama kawaida. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula usile. Usiku wa nne, saa tisa, mjukuu wake akanipigia: bibi anatetemeka, nguo zimelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, wanadhani ni malaria. Nikamwambia apime sukari. Ilikuwa 2.9 (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zote za sukari humu), na chini ya 4 ni kushuka mno. Nikamwelekeza akoroge vijiko vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji na kumnywesha polepole maadamu anaweza kumeza. Baada ya robo saa akapima tena, 4.6, ndipo akampa maziwa na kipande cha mkate ili isishuke tena. Asubuhi tulikuwa naye kliniki na daktari akambadilishia dawa. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimepima ugali wa kila mtu na sikuuliza hata mmoja anameza nini.

Kwa hiyo kila mtu alete dawa zake zote, na majina yaandikwe kwenye daftari. Insulini, glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi unapokula wanga kidogo. Dozi lazima iangaliwe na daktari kabla hujaanza. Metformini ikiwa peke yake ni mara chache kufanya hivyo. Wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini, nazo ni dawa za sukari, wasianze kabisa bila idhini ya daktari, kwa sababu dawa hizo zikikutana na wanga mdogo sana damu inaweza kujaa asidi hata kama namba kwenye mashine ya kupimia sukari si ya kutisha.

Kisha presha. Wanga ukipungua mwili hutoa maji na chumvi kwa wingi kuliko ulivyozoea, presha inashuka, na vidonge ulivyopewa zamani vinakuwa vikali kwako. Dalili yake ni kizunguzungu unaposimama kwenda msalani usiku. Kijana atayumba tu. Mzee ataanguka na kuvunjika nyonga. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye amwambie daktari kabla hajaongeza mboga za majani ya kijani, kwani vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa hiyo.

Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyekonda bila sababu inayojulikana, anayetibiwa saratani, na yule anayesahau kama amekula au hajala, hao wasifuate mwongozo huu kwa kuusoma tu. Wakae na daktari au mtaalamu wa lishe kwanza.

Nenda kliniki na mwenzako, si na mtoto wako. Mtoto ana haraka, anataka kurudi kazini. Mwenzako atakaa nawe kwenye benchi na atakukumbusha ulichotaka kuuliza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na vituo vingi vina dirisha la wazee, litumieni. Ombeni mpangiwe tarehe moja. Na swali la kuuliza ni fupi: "Daktari, nataka kupunguza ugali na wali mpaka nusu. Dawa zangu tuzifanyeje?"

Kutafuta wenzako

Msizidi sita. Kikiwa kikubwa kinageuka kikoba: mwenyekiti, katibu, michango, ugomvi. Na ndani ya hao sita kila mtu awe na jozi wake, mtu mmoja anayewajibika kwake. Jozi nzuri ni ya watu wanaoishi umbali wa kutembea kwa mguu, wanaoweza kugongeana mlango bila taarifa. Mume na mke wanaweza kuwa jozi, ila kwa uzoefu wangu wanandoa huoneana huruma pasipotakiwa na kugombana pasipo sababu. Dereva wetu na mkewe tuliwatenganisha wiki ya pili, na nyumba yao ikatulia.

Ongea na aliyeshika mwiko

Hatua hii wengi huiruka. Kama unapikiwa, mpishi wako ni mwanachama hata kama ana miaka 25. Ukianza kusukuma sahani bila maelezo atadhani hupendi mapishi yake, na kwa mkwe hilo ni jeraha.

Mwenzetu wa Nkuhungu alijaribu kunyamaza. Siku ya tatu mkwe wake alimjia na macho mekundu: "Mama, chakula changu kimekukosea nini?" Tukaenda wawili kuzungumza naye, maana mtu mzima wa pili huondoa ile hali ya mama mkwe kulalamika. Maneno yaliyofaa yalikuwa haya: "Mwanangu, chakula chako hakina kosa. Sukari yangu ndiyo imekosea. Naomba unisaidie mambo mawili: mboga yangu uipakue kwanza na iwe nyingi, ugali wangu uniachie nijikatie mwenyewe."

Mambo mawili, basi. Usimpe orodha ya vyakula kumi na vitano vya kununua. Fedha ya mboga ni ileile. Na usidai upikiwe sufuria yako peke yako. Karibu kila kinachofaa kwako kimo tayari kwenye chakula cha familia. Kinachobadilika ni mpangilio wa sahani.

Tushuke mpaka wapi?

Watu wa lishe huita mlo wa wanga mdogo ule usiozidi gramu 130 kwa siku. Wapo wanaoshuka chini ya 50. Kwa umri wetu, tukiwa na dawa zetu, sioni sababu ya kwenda huko bila daktari anayekufuatilia kwa karibu, na ninasema hivyo nikijua wapo vijana mtandaoni watakaonicheka.

Mzani tuliutumia siku ile moja tu. Baada ya hapo kipimo ni ngumi yako. Ugali wa ukubwa wa ngumi ni kama gramu 200, yaani gramu 50 za wanga. Ngumi moja mchana na moja usiku ni 100. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 12. Mbili ni 24. Umefika 124, siku imekwisha. Anayetaka nusu embe au bakuli la maharage akate kwenye ngumi, na hesabu hiyo aifanye asubuhi kabla hajakaribishwa popote.

Tulishuka kwa wiki nne. Wiki ya kwanza tuliondoa vya kunywa vitamu na maandazi tu, ugali ukabaki vilevile. Soda ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, vijiko tisa, na inapita kooni bila kushibisha. Chai tulishusha kijiko kimoja kila baada ya siku chache. Tangawizi na mdalasini vilisaidia ulimi usione upungufu mkubwa. Wiki ya pili ugali wa usiku ukawa nusu. Wiki ya tatu wa mchana. Ya nne, ngumi. Aliyekuwa anakunywa uji asubuhi alihamia kwenye mayai na chai ya maziwa, na huyo ndiye aliyelalamika kuliko wote.

Uwele, mtama, dona na asali

Sitapata marafiki kwa hili, lakini lisemwe. Hapa kwetu mtu akiambiwa ana sukari, jirani wa kwanza humwambia aache sembe ale ugali wa uwele au mtama, "huo ndio ugali wa wazee, hauna sukari." Wazee wa Kigogo walikula uwele na mtama, ni kweli, na walikuwa wakakamavu. Pia walitembea na ng'ombe kutwa nzima, na wakati wa njaa walikula mara moja kwa siku.

Gramu 100 za unga wa mahindi, wa mtama au wa uwele, zote zina wanga unaozunguka gramu 70 na kitu. Nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi zaidi, kwa hiyo sukari hupanda taratibu kidogo na choo hulainika, na mimi mwenyewe naipendelea. Lakini bonge la uwele la gramu 620 bado ni bonge. Ngumi ni ngumi, iwe ya unga mweupe au wa kijivu.

Mzee asiyeamini tusimbishie. Apime sukari kabla ya kula, ale ugali wa uwele anaoutaka, apime tena baada ya saa mbili tangu tonge la kwanza. Kesho yake afanye hivyohivyo na ngumi moja, kwa mboga ileile. Dereva wetu alifanya. Alirudi na daftari lake, akalifungua, akalifunga, akauliza kama kuna karanga.

Asali ni sukari yenye heshima. Zabibu zinapojaa kandokando ya barabara, kumbuka gramu 100 zina kama 17 za sukari, na hakuna anayekula gramu 100. Tulikubaliana: kishada kidogo baada ya chakula, na unakula na jozi wako mbele yako. Juisi ya zabibu hapana, ya ukwaju yenye sukari hapana. Parachichi ndilo tunda la kujiachia.

Kinachojaza pengo

Ukiondoa ugali bila kuweka kitu utalala na njaa, na baya zaidi utapoteza misuli. Misuli ya mzee ikiondoka hairudi kirahisi. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kwa wenye figo mbovu. Mtu wa kilo 60 anahitaji, basi, gramu 60 hadi 72. Yai lina kama 6. Glasi ya maziwa, fresh au mgando, 8. Kipande cha nyama iliyopikwa cha ukubwa wa kiganja, kama gramu 100, kina 25. Mayai mawili, glasi mbili, kiganja kimoja, na konzi ya dagaa wakavu kwenye mboga: umefika.

"Nyama kila siku nitaipata wapi?" Ndilo swali la kwanza la kila mtu, na ni la haki. Jibu letu ni kununua pamoja. Siku ya mnada Msalato wawili hupanda daladala, wananunua mguu wa mbuzi kwa fedha ya wote, unakatwa vipande, kila mmoja anachukua fungu lake. Anayefuga kuku huleta mayai, hulipwa kwa dagaa. Anayekwenda Mtera kwa ndugu zake hurudi na perege wa kukausha. Wiki isiyo na nyama ni wiki ya mayai, dagaa na maziwa, na hakuna aliyekufa.

Halafu meno. Vijana wanaoandika kuhusu vyakula hawalifikirii hili: nusu yetu hatuwezi kutafuna nyama ya choma. Nyama yetu huchemshwa mpaka inaachia mfupa, au inasagwa buchani. Dagaa hukaangwa wakavu bila mafuta, wakatwangwa kwenye kinu mpaka wawe unga. Karanga nazo husagwa.

Vyote hivyo huishia kwenye mlenda, na mlenda unastahili maelezo yake. Chemsha maji vikombe viwili na nyanya mbili zilizokatwakatwa. Magadi weka chembe tu, au acha kabisa kama una presha, kwa sababu nayo ni chumvi. Yakichemka, mwagia mlenda mkavu wa unga, vijiko vya chakula vitatu, huku unapekecha kwa upekecho usifanye madonge. Ukianza kuvutika, tia karanga za kusaga vijiko viwili vilivyojaa na unga wa dagaa kijiko kimoja. Moto mdogo, dakika kumi, uchemke polepole na kutoa harufu ya karanga. Mwisho yai la kuchemsha lililokatwa vipande vinne.

Shida ya mlenda ni kwamba unaomba tonge. Umeumbwa hivyo. Tulijaribu kuula kwa kijiko kutoka kwenye bakuli kama uji, na kwa kweli siku ya kwanza tulichekana sana. Marehemu mume wangu angetoka mezani. Suluhisho ni tonge la ukubwa wa ndimu, livute mboga nyingi, lipunguze kasi ya mkono. Ngumi moja hutoa matonge kama sita. Ukiyamaliza, kinachobaki bakulini ndipo kijiko.

Mboga nyingine pika unavyojua: mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, matembele, bamia, ngogwe, bilinganya, kabichi. Mafuta ya alizeti tunayo kwetu, usiogope kijiko. Maharage, kunde, choroko na mbaazi ni nusu mboga nusu wanga, na watu wengi huteleza hapo: bakuli la maharage pamoja na ngumi ya ugali si mlo wa wanga mdogo. Chagua kimoja kitawale.

Maji. Dodoma ni kavu, upepo unakausha midomo, na mwili wa mzee hauhisi kiu mapema. Weka chupa ya lita moja mezani asubuhi, iishe kabla ya saa saba mchana, ujaze tena, isipokuwa kama daktari wa moyo au figo amekuwekea kipimo. Choo kikiwa kigumu wiki za mwanzo, ongeza bamia na maji kabla hujakimbilia dawa. Pombe, kwa anayetumia dawa ya sukari, inaweza kuishusha sukari saa nyingi baadaye ukiwa usingizini. Kama huachi, basi usinywe tumbo likiwa tupu na jozi wako ajue.

Alhamisi chini ya mwarobaini

Tunakutana mara moja kwa wiki, saa nne asubuhi, kwa saa moja. Mashine ya kupima sukari tunayo moja kwa wote, na zile karatasi ndogo za kuchomeka kila mtu hununua zake. Sindano ya kutobolea haichangiwi, hata na mumeo. Kila mmoja ana kalamu yake ya kutobolea na sindano mpya, mashine inafutwa kwa spiriti kabla ya kupokezana. Homa ya ini huambukizwa kwa tone la damu usiloliona.

Daftari lina safu nne: sukari ya asubuhi kabla ya kula, presha, uzito, na kiti. Safu ya kiti ndiyo niipendayo. Kaa kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara tano bila kujishika, mwenzako akihesabu sekunde. Zikizidi 15, nguvu ya miguu ni ndogo na protini pamoja na mazoezi viongezwe kabla ya kufurahia kilo zilizopungua. Tuliwahi kuwa na mama aliyepunguza kilo sita, tukampigia vigelegele, na kiti chake kilikuwa kimetoka sekunde 13 hadi 18. Tulikuwa tunashangilia misuli yake ikiondoka. Alirudishiwa mayai na maziwa, na sasa hupanda ngazi za kanisani bila kushika ukuta.

Namba hazisomwi kwa sauti. Kila mtu humwonyesha jozi wake. Anayetaka kutangaza atatangaza.

Simu ya saa moja asubuhi

Kitochi kinatosha. Saa moja asubuhi unampigia jozi wako, kwa salamu yetu ya Kigogo: "Mbukwa. Umeamkaje? Umepima? Leo unakula wapi?" Swali la tatu ndilo la maana, kwa sababu siku ya kula kwa watu ndiyo siku ya hatari. Asipopokea mara mbili, mtu anatumwa nyumbani kwake. Mwanzoni tulidhani ni kupitiliza. Baada ya ule usiku wa 2.9 hakuna aliyelalamika tena.

Msibani na harusini

Msibani kuna wali na maharage, harusini kuna pilau, na penye sinia hakuna kuhesabu ngumi. Mbinu zetu hizi. Kula mayai mawili nyumbani kabla ya kutoka. Nendeni wawili. Ombeni sahani badala ya kukaa kwenye sinia. Sababu ya mgongo inakubalika siku zote na kwa umri wetu si uongo. Sahani moja iliwe na watu wawili: mmoja wenu anapewa sahani iliyojaa, mnagawana, na mpishi ameona sahani tupu ikirudi, moyo wake umeridhika. Anza na nyama na kachumbari, wali mwisho.

Akija mtu kusisitiza, asijibu mwenye sukari. Ajibu jozi wake: "Mwache dada yangu, ameshakula, mimi nimemwona." Neno la mtu wa pili hukata mjadala, la kwako mwenyewe huuanzisha.

Mialiko ikifuatana, kama Desemba, msijidanganye kwamba mtashika kila siku. Chagueni siku mbili za kula kama watu, na siku nyingine mrudi kwenye ngumi.

Wiki mbaya

Mmoja wetu alituacha na sababu ni ulimi wangu. Alikuja Alhamisi na sukari ya 16, nikamwambia mbele ya wote, "Haya, tuambie ulikula nini." Alikuwa amemzika dada yake wiki ile. Hakurudi. Nilikwenda kuomba radhi mara mbili. Tunasalimiana vizuri, lakini daftari lake liko kwenye kabati langu.

Tangu hapo aliyeteleza haulizwi alikula nini. Anaulizwa kesho anakula wapi na nani yuko naye. Anarudi hatua ya wiki ya pili, siyo mwanzo, na jozi wake anarudi naye hatua ileile kwa siku tatu ili asishuke peke yake.

Kuna mambo ambayo si ya kikundi kabisa, ni ya hospitali, siku hiyohiyo: sukari chini ya 4 isiyopanda baada ya kunywa sukari mara mbili, kutapika pamoja na maumivu ya tumbo na kuhema haraka, kuchanganyikiwa, kuanguka, kidonda cha mguuni chenye harufu au weusi. Aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, atapaliwa. Mlazeni ubavu, tafuteni usafiri. Uzito ukiendelea kushuka zaidi ya kilo moja kwa wiki baada ya mwezi wa kwanza, mrudisheni kwa daktari hata kama mwenyewe anafurahia mkanda kulegea.

Mboga za kiangazi

Limebaki moja. Mvua zetu zikikatika Aprili, mboga za majani hupungua na bei hupanda, na mwezi wa tisa mtu hurudi kwenye bonge la ugali kwa sababu mboga yake ni vijiko viwili. Kwa hiyo tunakausha. Machi na Aprili, majani ya mlenda, ya kunde na ya maboga yakiwa tele, tunakusanyika kwa mwenye uwanja mpana. Majani huoshwa, ya kunde huchovywa kidogo kwenye maji yanayochemka, yanatandazwa juu ya chandarua kivulini, maana jua kali huua vitamini na kuyapausha. Hugeuzwa asubuhi na jioni mpaka yakikunjwa yanavunjika. Ya mlenda hutwangwa na kuchekechwa.

Tunagawa kwenye ndoo ndogo zenye mifuniko, moja kwa kila mtu, na jina limeandikwa kwa makapeni. Ya saba haina jina. Inakaa jikoni kwangu, kwa atakayeishiwa kabla ya Desemba.